Sahani ya Mwadime

Kwenye programu ya mazishi walikuwa wameandika jina lake la ubatizo, jina la babake, halafu mwishoni, kwa herufi nene, "Mzee CD". Chao, binti yangu wa mwisho, ndiye aliyenisomea tukiwa tumesimama nje ya hema kule Werugha, ukungu umeshuka mpaka humwoni mtu aliye upande wa pili wa shamba la kabichi. Chao yuko chuo kikuu, na hilo nalisema kila mahali hata nisipoulizwa. Kama watoto wote waliosoma, hawezi kupita kitu bila kukiuliza. "Mama, kwa nini CD?" Kijana aliyekuwa akigawa programu akamjibu kabla yangu. "Hiyo ni jina tu, dada. Tumezaliwa tukimwita hivyo. Nafikiri alikuwa anapenda ngoma za kitambo." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu cha matangani. Mimi sikucheka. Katika watu wote waliokuwa kwenye lile hema, mimi peke yangu ndiye niliyejua jina lile lilitoka wapi hasa, kwa sababu nililitengeneza mimi, kwa mikono hii, kwa beseni la maji.

Mwaka wenyewe ni ule wa mvua ya El Nino, ila mambo yalianza kabla ya mvua, wakati Voi ilikuwa kavu, vumbi jekundu limekaa hadi kwenye kope za watu, na maji tunanunua ya mtungi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliachia darasa la nne, nasoma herufi moja moja kama mtu anayeokota dengu. Nilifanya kazi kwa Mzee Shee na mkewe Bi Rukia, nyumba ya karibu na stesheni, watu wa pwani waliokaa Voi mpaka wakasahau bahari. Mbele ilikuwa duka la vitambaa, nyuma sebule, nyuma ya sebule ua na jiko. Kwenye ile sebule kulikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati vitu vya aina mbili. Rafu ya juu, sahani za Bi Rukia za maua ya buluu, zile za Idi na za wageni. Rafu ya chini, sahani za Mzee. Sisi watu wa milimani tulikuwa tunasema rekodi, lakini ndani ya nyumba ile kila kitu cha mviringo kiliitwa sahani, cha kulia pilau na cha kuimba. Zamani, kabla sijazaliwa au nikiwa nabebwa mgongoni, Mzee alikuwa na duka la santuri pale pale penye vitambaa. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakinunua kwake. Biashara hiyo ilipokufa akauza zote, lakini katika zile za vijana wa kwetu Kenya alijiwekea mojamoja ya kumbukumbu. Vijana wa suruali pana waliopiga roki kwa Kiingereza wakijifanya wametoka ng'ambo, na wale wa kantri, watu wa kofia na gitaa, ambao huku kwetu mpaka leo ndio wanaopendwa kuliko wote. Mtaita na kantri usiwatenganishe. Nyimbo za ng'ombe na mama aliyekufa na treni inayoondoka, nani atatufundisha hizo?

Sasa niseme kuhusu mikono yangu, kwa sababu kisa chote kiko hapo. Sikuwa na masomo, sikuwa na sura ya kuangaliwa mara mbili, lakini nilikuwa na mikono. Miaka mitatu katika nyumba ile sikuwa nimevunja hata kifuniko cha bakuli. Bi Rukia alikuwa akiwaambia wanawake wenzake mbele yangu, "Huyu Saru, wallahi, mpe yai alitupe juu, litarudi zima." Alikuwa na sheria zake: sahani za kila siku maji baridi na jivu, sahani za mgeni maji ya moto yanayofuka moshi, mara mbili, ndipo mafuta yatoke na uso wa mgeni uonekane ndani yake. Nilizishika sheria zile kama Amri Kumi. Nilijiona. Hata kanisani nilikuwa nakunja mikono mapajani ionekane.

Mwadime alikuwa akishuka kutoka Werugha siku za soko na kabichi na maziwa, na lazima apitie mlango wetu wa nyuma. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kofia ya ukingo mpana iliyopata kutu ya jasho, mguu mmoja umelegea kidogo. Kila mtu mlimani alijua hadithi yake kwa sababu aliisema yeye mwenyewe. Miaka ya sabini, akiwa kijana, alipanda treni na gitaa lake mpaka Nairobi, akaimba kantri kwa Kidawida, lugha yetu, mbele ya maikrofoni, pamoja na ule mlio wa kupasua sauti, itoke kifuani iruke puani irudi tena, kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Wakamtolea sahani. Hazikuwa nyingi, zikauzwa zikaisha. Yeye hakubaki nayo hata moja. "Ningeiweka ya nini?" aliniambia, ameketi kwenye kigoda changu anakunywa chai ya rangi. "Gramofoni sina. Niitilie uji?" Mtu akimbishia kilabuni alikuwa na jibu moja, miaka ishirini jibu lile lile: "Sahani yangu iko kwa Mzee Shee wa Voi. Nenda ukaulize." Hakuna aliyewahi kwenda kuuliza. Jibu lilitosha.

Mwezi wa nane hivi ikaja barua kutoka Nairobi. Bwana mmoja, Kariuki, alikuwa akikusanya nyimbo za zamani za roki na kantri za hapa nchini azitoe upya kwa CD. Mzee alinipa niisome ile barua, maana macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, ameona ukungu kwa miaka miwili na hospitali haendi. Nilisoma asubuhi nzima. Ilisema zile kanda za asili walizorekodia zimepotea, nyingine zimefutwa, kilichobaki ni sahani zilizo majumbani kwa watu, naye angekuja Voi kuzinakili. Mzee akaanza kutabasamu peke yake. "Unaona, Bi Rukia? Miaka yote hii unaniambia nitupe takataka zangu." Bi Rukia alikuwa anachambua mchele. "Nilikwambia uzitupe," akasema, "sikukwambia unisikize." Siku ya soko Mwadime alipokuja, Mzee akampa habari. Sijapata kuona mtu mzima akivua kofia hivyo, polepole, kama ameingia kanisani. Akauliza, "Sasa watu watanisikia?" Mzee akamwambia, "Hata wajukuu wako, mpaka wachoke."

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, Bi Rukia alikuwa ameenda kwa jirani aliyejifungua, na Mzee alikuwa anatoka kwenda kuswali alasiri. Akiwa mlangoni, mkongojo mkononi, akaniambia, "Saru, mwanangu, zile sahani za mgeni zitoe kabatini uzisafishe. Anazitaka zing'ae, vumbi linaharibu sauti." Ndivyo alivyosema. Sahani za mgeni. Nimeyarudia maneno hayo miaka hii yote, nikiyageuza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali. Ningependa kusema sikuelewa, kwamba nilidhani anazungumzia za maua ya buluu. Si kweli. Nilijua ni zipi. Lakini sikio langu lilisikia sahani, likasikia mgeni, na mikono ikaenda yenyewe ilikozoea kwenda. Nikatia makaa, nikachemsha birika, nikajaza beseni. Na kwa kuwa nilitaka ya mtu wa kwetu ing'ae kupita zote, nikaanza na ya Mwadime. Laiti ningeanza na ya mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa na lebo ya kijani. Niliishika ukingoni kwa vidole viwili, kama ninavyoshika sahani zenye joto, nikaizamisha. Kwanza haikufanya kitu. Halafu nikaisikia inalegea mkononi, kitu kigumu kimekuwa kama ngozi ya mnyama, na ukingo mmoja ukainuka, ukajikunja ndani kama jani la kabichi kwenye sufuria. Nikaitoa haraka, nikaiweka kwenye saruji, nikaikandamiza kwa kiganja inyooke. Ikanyooka huku, ikavimba kule. Nikaleta jiwe la kusagia viungo nikaliweka juu. Nilipoliondoa, ile mistari myembamba ambayo sindano hupita ilikuwa imelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na chombo chote kimekuwa bakuli. Bakuli zuri, ukiliangalia. Lebo haikuharibika. Nikakaa chini uani nikaisoma, herufi moja moja, jasho linanidondokea puani. Upande mmoja: Treni ya Voi. Upande wa pili: neno moja tu, Mghoi. Na pande zote mbili, chini, jina la Mwadime.

Zile nyingine nilizifuta kwa kitambaa kikavu, vizuri sana, hakuna mtu angefanya vizuri zaidi. Ile moja nikaifunga kwa karatasi ya gazeti nikaisukuma chini kabisa ya debe la unga.

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, Mzee akaniita tuzipange. Nilikuwa macho yake, alipenda kusema hivyo: "Macho yangu anayo Saru." Nikamsomea lebo moja baada ya nyingine, naye akitaja mwaka na mtu aliyemletea. Tulipofika mwisho akapapasa rafu tupu. "Na ya Mwadime? Ya kijani." Nikasema, "Hamna, Mzee." "Hebu tazama tena." "Nimetazama mara mbili." Alibaki ameshika ubao wa rafu. Ningesema wakati ule angenikaripia kidogo, Bi Rukia angepiga kofi mapaja yake, yangepita. Watu wazuri wale. Lakini nilikuwa nasikia tayari sauti ya Bi Rukia ikiwahadithia wenzake juu ya Saru na maji moto, kicheko kinapita nyumba hadi nyumba, na nilikuwa nasikia lile neno lake la yai likifa. Nikanyamaza. Mzee akasema taratibu, "Basi labda niliiuza. Au nimeichanganya na ya mtu mwingine. Kichwa hiki, mwanangu, kinanikimbia." Tangu siku ile alianza kuuliza watu mambo aliyoyajua, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini.

Bwana Kariuki alifika na mashine mbili kwenye sanduku la chuma na viatu vya raba. Mwadime alifika kabla yake, na tai. Sijui aliitoa wapi ile tai, ilikuwa pana na fupi, na alikuwa amebeba kabichi tatu na kibuyu cha maziwa kwa mgeni. Bi Rukia alipika pilau, kachumbari ya pilipili, na ndizi mbivu pembeni, na kila mtu akaambiwa ale kwanza ndipo kazi ianze. Mimi nilikuwa naingia na kutoka na vyombo, kila nikiingia nasikia kipande. Mgeni alikuwa anaeleza jinsi atakavyohamisha nyimbo kwa kompyuta, aondoe ile sauti ya mchanga. Mzee akauliza, "Na hiyo CD nayo itaishi miaka mingapi?" "Hiyo haichakai, Mzee. Hiyo ni ya milele." Bi Rukia akasema kutoka nyuma ya pazia, "Milele ni ya Mungu. Mwambie aseme mingi." Wakacheka, Mwadime akacheka kuliko wote, cheko la mtu anayesubiri jina lake liitwe. Walipiga sahani ya kwanza. Gitaa likajaa chumba. Walipiga ya pili, ya tatu. Mwadime alikuwa amesogeza kiti karibu na mashine, kofia juu ya goti, kila sindano ikiinuliwa anajiweka sawa. Nilihesabu pamoja naye. Ilipoinuliwa ya mwisho na mgeni akaanza kukunja waya, akasema kwa upole, "Mzee Shee, nafikiri umesahau yangu."

Mzee akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa heshima, akijilaumu mwenyewe, akasema uzee, akasema macho, akasema huenda hata hakuwahi kuwa nayo. Hilo la mwisho alilisema kwa ajili ya kumpunguzia Mwadime uchungu, na ndilo lililomuua. Bwana Kariuki naye, mtu mwungwana, akasema, "Unajua mzee, zamani hizo watu walikuwa wanarekodi na sahani haitoki. Ilitokea sana." Mwadime akasema, "Ilitoka." Halafu akasimama. Hakuwa na gitaa. Akaweka kofia kichwani, akaanza kuimba Treni ya Voi pale katikati ya sebule, sahani za pilau bado ziko mkekani. Sauti ilikuwa imekwisha, tumbaku na baridi ya mlimani vimeila. Alipofika mahali pa kuipasua, pale inaporuka kutoka kifuani, ikakwama. Akajaribu tena. Ikatoka kama kuku aliyekanyagwa. Akasimamisha, akakohoa, akasema, "Wakati ule ilikuwa inapanda." Bwana Kariuki akamshika mkono. "Mzee, nakuamini. Lakini kazi yangu ni kurudisha zilizorekodiwa. Siwezi kurudisha ambayo haipo."

Mwadime akatokea jikoni. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya debe la unga kama askari. Akaongea Kidawida, maneno ambayo nayageuza hapa: "Saru, wewe ni wa nyumbani. Wewe ndiye unayefuta lile kabati. Umewahi kuiona humu?" Nikamwambia sijawahi. Nilimwangalia machoni nikasema hivyo. Uongo wa kwanza nilimwambia Mzee asiyeona, huu nilimwambia mtu anayeniona. Akaitikia kwa kichwa. "Asante, mwanangu. Nilitaka tu kujua kama ni mimi ninayepotelewa na akili." Akaniachia kabichi zote tatu, mgeni hakuzichukua. Zile kabichi nilizipika. Mimi sikuzigusa.

Kisha mvua ikaja. Mnaoikumbuka mnaikumbuka, mto ulivyopita mahali pasipo mto, barabara zikakatika, treni zikalala. Ilipopungua, mwaka mpya ukiwa umeingia, CD yenyewe ikafika Voi. Fundi wa redio karibu na soko aliipata, akaweka spika nje. Watu walijaa. Kitu kinang'aa kama kioo, ukikigeuza kinatoa upinde wa mvua, na ndani yake wanaume waliokuwa wamesahauliwa wanaimba kama wako nyuma ya ukuta. Nyuma ya ganda kulikuwa na majina yote. Mwadime alishuka kutoka Werugha kwa miguu nusu ya njia kwa sababu barabara ilikuwa bado mbovu, akaomba asomewe majina. Wakamsomea. Akasema, "Rudia." Wakarudia. Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi, yako iko kwa Mzee Shee wa Voi." Wakaangua kicheko, si kicheko kibaya, kicheko cha soko. Mwingine akasema, "Mwacheni bwana, huyu ndiye CD mwenyewe." Ndipo jina lilipozaliwa. Jioni lilikuwa limefika Mwatate, kesho yake Wundanyi. Mwisho wa mwezi watoto wa shule walikuwa wakimwita njiani, na yeye anapunga mkono.

Wiki chache baadaye alikuja mkewe sokoni badala yake, na kunde na viazi. Ndiye huyo Mghoi. Mwanamke mfupi, mkali, anapima kunde kwa kopo huku anaongea. Akaniuliza bila hata kunisalimu vizuri, "Wewe ni wa kwa Mzee Shee?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mume wangu alinioa kwa wimbo. Unajua hilo? Alikuja kwa baba yangu hana mbuzi, hana shamba, akasema, nimemtia binti yako kwenye sahani Nairobi, upande mmoja wote ni jina lake. Baba akacheka, akamkaribisha uji. Mimi nikajificha nyuma ya nyumba nikilia kwa furaha, mpumbavu mimi. Miaka yote nikimwambia nipigie nisikie, anasema iko Voi. Na ningeingiaje kwa nyumba ya watu kuomba wimbo wangu?" Akajaza kopo, akalisawazisha kwa kiganja. "Sasa nimejua. Si ubaya, wanaume wote hudanganya wakioa. Lakini angenidanganya kwa kitu kidogo." Akanimwagia kunde kwenye kikapu, akaongeza kiganja cha bure. Nami nilikuwa nimesoma jina lake kwa macho yangu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ipo, nimeiona. Nikamshukuru kwa kunde.

Niliolewa mwaka uliofuata. Nikahama na debe langu la nguo, na chini ya nguo lile bakuli jeusi kwenye gazeti. Mzee Shee alikufa akiamini kichwa chake kilimwacha mapema kuliko kilivyomwacha. Bi Rukia alinisifu mikono mpaka kwenye harusi za wanangu. Nimefungua hoteli yangu, nimesomesha, nimezeeka, na mara kwa mara nilikuwa nalitoa lile bakuli nikilitazama. Watu hudhani siri ya namna hii inafichwa kwa sababu haiwezi kusahihishwa. Hapana. Ile sahani isingeimba tena, sawa, lakini lebo ilikuwa nzima. Jina lake lilikuwa pale, limepigwa chapa Nairobi. Siku yoyote katika miaka ile ningepanda Werugha, nikaliweka kilabuni mezani, nikasema someni. Ingenichukua asubuhi moja. Sikuenda kwa sababu nilitaka kuendelea kuwa yule wa yai linalorudi zima. Ni hivyo tu, hakuna sababu nyingine kubwa.

Basi siku ya mazishi, msimamizi alipouliza kama kuna jirani au rafiki mwenye neno, dakika mbili, nikainuka. Chao alidhani naenda chooni. Nikachukua maikrofoni, nikasema jina langu, nikasema nilikuwa mfanyakazi kwa Mzee Shee wa Voi, na wazee kadhaa waliposikia hilo jina wakainua vichwa. Nikatoa lile bakuli kwenye leso. Nikasema yote, maji moto, debe la unga, hamna Mzee, sijawahi kuiona. Sikulia, sikutaka wanihurumie. Nikampa Chao asome, kwa kuwa macho yangu sasa ndiyo ya Mzee. Akasoma upande wa kwanza na jina la Mwadime, kwa sauti, kwenye maikrofoni. Mzee mmoja wa rika lake akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ilitoka."

Mghoi alikuwa mbele, kiti cha karibu na jeneza, amejifunika leso. Akanyoosha mkono, akapewa. Akaigeuza mapajani. Kusoma hajui. "Huku nyuma pameandikwa nini?" Chao akainama. "Pameandikwa Mghoi." "Soma tena." "Mghoi. Ni hilo tu, na chini jina lake." Akapitisha kidole juu ya lebo ya kijani, kuzunguka, kuzunguka, kama sindano inavyozunguka. Kisha akasema, si kwangu, si kwa mtu, "Jumapili aliniambia tena habari ya huo wimbo. Nikamwambia, baba, kunywa uji wako." Akanitazama. "Inaimba?" "Haiimbi, mama. Niliiunguza." "Na ulijua jina langu limo." "Nilijua." Akaifunika kwa leso yake, hakuiachia hata wakati wa kuzika. Alikwenda nayo kaburini akarudi nayo.

Nilitaka tuondoke kabla ya chakula. Nilikuwa nimemshika Chao mkono tunakata kando ya migomba, nikasikia sauti ile ile ya kopo la kunde. "Saru." Nikageuka. Alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Hutoki kwangu na njaa. Nenda ukanawe mikono." Kwenye foleni watu walinipisha kama mtu mwenye ugonjwa. Harufu ya kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kuponda, na ya nyama ilikuwa inatoka jikoni. Msichana aliyekuwa akinawisha wageni alikuwa na birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine, na kwa kuwa kule juu ni baridi, wageni hunawishwa kwa maji ya moto. Moshi ulikuwa unafuka. Akaniambia, "Nyanya, nikuchanganyie na baridi kidogo?" Nikamwambia amwage hivyo hivyo. Nikanyoosha mikono yangu.